Sheikh Abdulla Saleh Farsy: Mwalimu wa Skuli Aliyetufasiria Qur'ani

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zetu Waislamu, katika nyumba nyingi za visiwani kuna kitabu kinene kinachowekwa mahali pa juu, pamoja na misahafu. Ndani yake mna aya kwa Kiarabu, maana yake kwa Kiswahili, na chini yake maelezo. Wazee wetu wamekisoma katika Ramadhani nyingi. Ukiuliza kimeandikwa na nani, watu wazima watajibu mara moja: Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Ukiuliza alikuwa nani, watasema alikuwa kadhi. Jawabu hilo ni la kweli, lakini limeacha sehemu kubwa ya umri wake. Kabla ya ukadhi Sheikh alikuwa mwalimu wa skuli za watoto, na kazi ya kusomesha na kusimamia masomo ndiyo iliyochukua miaka yake mingi zaidi.

Tumeona ni haki tumkumbuke kwa sura hiyo ya ualimu. Watoto wetu wanapaswa kujua kwamba tafsiri iliyoenea Afrika Mashariki yote ilitoka mikononi mwa mtu aliyeshika chaki na kusahihisha madaftari.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Sheikh Abdulla bin Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Mji wa Unguja wa zama hizo ulikuwa na wanavyuoni wakubwa waliojulikana kuanzia Lamu mpaka Ngazija. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt na Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir walikuwa bado wako hai, na wote wawili walifariki mwaka 1925, Sheikh Abdulla akiwa mtoto wa miaka 13. Kwa hivyo alikulia katika mji ambao majina ya wanavyuoni yalitajwa majumbani, na mtoto aliyependa elimu hakukosa pa kwenda.

Alipita njia mbili kwa pamoja. Njia ya kwanza ilikuwa ya wazee: chuo cha Qur'ani, kisha darsa za misikitini na majumbani mwa masheikh. Kwa desturi ya pwani mwanafunzi alianza na vitabu vidogo vya fiqhi ya Imam Shafi kama Safina, akapanda Abu Shujaa, na mwenye subira akafika Minhaj. Miongoni mwa waliomsomesha Sheikh Abdulla ni Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir, mtoto wa Sheikh Abdallah tuliyemtaja, na Sheikh Ahmad bin Muhammad Mlomry. Alinufaika pia na Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumayt, aliyekuja kuwa kadhi mashuhuri wa Zanzibar.

Njia ya pili ilikuwa skuli ya serikali, na baada yake skuli ya kufundisha walimu, aliyoimaliza mapema katika miaka ya 1930. Leo jambo hili halimshangazi mtu. Wakati ule wazazi wengi waliziogopa skuli za serikali. Waliona mtoto atapoteza dini yake kule, au muda wake wa chuoni utaliwa na masomo ya Wazungu. Wengine waliwaficha watoto wao wasiandikishwe. Khofu hiyo ilikuwa na sababu zake, na ilichukua miaka mingi kuondoka. Iliondoka kidogo kidogo pale Qur'ani na dini zilipoingizwa ndani ya ratiba ya skuli, na pale wazazi walipoona kwamba anayewasomesha watoto wao ni Muislamu mwenzao anayejua alisomalo. Sheikh Abdulla alikuwa mmoja wa walimu wa aina hiyo.

Twapenda kulitilia mkazo jambo moja hapa. Misingi ya elimu yake aliipata papo hapo Unguja. Hakuwa mtu wa kurudi na shahada ya Azhar wala ya chuo chochote cha mbali. Hii si kwa kuwadharau waliosafiri, kwani kusafiri kwa ajili ya elimu ni jambo tukufu. Tunalitaja ili kijana wa leo asiyekuwa na nauli wala ufadhili asikate tamaa. Masheikh wa mtaani mwake, skuli ya mji wake na juhudi zake mwenyewe, kwa taufiki ya Allah, vilimtosha kumfikisha alipofika.

Miaka ya ualimu

Mwaka 1933 alianza kusomesha katika skuli za msingi. Alikuwa kijana wa miaka 21. Alibaki katika kazi hiyo ya madarasani kwa miaka 14 hivi, kisha akapewa kazi ya kukagua masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba. Katika miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa skuli iliyosomesha kwa lugha ya Kiarabu, na baada ya hapo alisomesha walimu. Kuanzia 1933 mpaka alipoteuliwa kadhi mwaka 1960 ni miaka 27. Huo ni umri wa mtu kuzaliwa, kukua, kuoa na kupata watoto.

Tuitazame kazi hiyo kama ilivyo. Mwalimu wa dini katika skuli ya msingi anasimama mbele ya watoto ambao wengi wao wamekwisha kujua kusoma herufi za Kiarabu. Chuoni wameanza na alifu na be, wakaunganisha, wakasoma juzuu amma, na baadhi yao wamehitimu. Sauti zao ni nzuri na ndimi zao nyepesi. Lakini mtoto huyo anayesoma sura nzima bila kukosea, ukimuuliza sura inasema nini, hana la kujibu. Wazazi wake hawana la kujibu. Mara nyingi hata mwalimu wake wa chuoni hana la kujibu, maana naye alifundishwa hivyo hivyo.

Wanavyuoni wakubwa walijua maana, na waliieleza katika darsa zao. Lakini darsa ilihitaji mtu aliyekwisha pata Kiarabu, au aliyekuwa na nafasi ya kukaa msikitini mwaka baada ya mwaka. Mvuvi wa Nungwi, mkulima wa karafuu wa Pemba na mama mwenye watoto hawakuwa na nafasi hiyo. Mkaguzi wa masomo ya dini anayetoka skuli moja kwenda nyingine, mjini na mashamba, Unguja na Pemba, analiona pengo hili kwa macho yake kila siku.

Vitabu vya Sheikh vinaonyesha kwamba aliliona. Aliandika maisha ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa Kiswahili. Aliandika juu ya wakeze na wanawe. Alifasiri sura zinazosomwa sana katika sala, ili anayesali aelewe anachokisema mbele ya Mola wake. Vingi katika hivi vilikuwa vitabu vidogo, vya bei ndogo, vyenye maneno ya nyumbani. Mtoto wa skuli aliweza kukisoma kitabu kwa sauti, na bibi yake akasikiliza na kufahamu.

Tena aliandika kwa herufi ambazo watoto wa skuli wanazijua. Wanavyuoni waliomtangulia waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hiyo ilikuwa mila yetu ya karne nyingi, yenye heshima yake. Lakini skuli zilisomesha kwa herufi za Kirumi, na kizazi kipya kilikuwa kinasoma magazeti na barua kwa herufi hizo. Sheikh Abdulla alijua Kiarabu kwa uhodari mkubwa, hata mashairi akitunga. Pamoja na hayo alipotaka kuwafikia watu aliwafuata pale walipo.

Kazi kubwa ya umri wake

Kazi iliyomfanya ajulikane ni tafsiri ya Qur'ani. Ili tuithamini, yatupasa tujue hali ilivyokuwa kabla yake.

Tafsiri nzima ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyotangulia kuchapwa ilitoka mwaka 1923, na aliyeifanya hakuwa Muislamu. Alikuwa Godfrey Dale, padri wa Kiingereza wa misheni iliyokuwa na makao Zanzibar. Maelezo aliyoyatia ndani yake yalikusudiwa kuwasaidia watu wa misheni wanapojadiliana na Waislamu. Kwa miaka thelathini Muislamu wa Afrika Mashariki aliyetaka kukisoma Kitabu cha Mola wake chote kwa lugha yake hakuwa na pengine pa kwenda ila kwa padri. Kisha mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya pili, nayo ilikuwa ya jumuiya ya Ahmadiyya, yaani Makadiani, ikiwa na maelezo ya itikadi zao.

Wanavyuoni wetu hawakuwa wamelala. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na ambaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikwisha anza kuifasiri Qur'ani. Ajali yake ilifika mwaka 1947 kazi haijakamilika. Allah amrehemu na amlipe kwa nia yake.

Palikuwa pia na wasiwasi wa kweli miongoni mwa watu wa elimu. Maneno ya Allah hayana mfano. Lugha yoyote itakayotumika haitabeba kila kilichomo. Je, watu wakiipata tafsiri hawatadhani kwamba wamekwisha pata Qur'ani yenyewe? Hawataacha kujifunza Kiarabu? Asiye na elimu hatasoma ukurasa mmoja akajifanya mufti? Masuali haya hayakuwa ya kipuuzi, na yangali yanafaa kuulizwa leo.

Lakini upande wa pili palikuwa na suali zito zaidi. Watu walikuwa wanaisoma tafsiri. Hilo halikuzuilika tena, kwa sababu skuli zimewafunza kusoma na vitabu viko madukani. Lililobaki ni kujua watasoma cha nani. Wanavyuoni wakinyamaza, wengine watawafasiria watu Kitabu chao.

Sheikh Abdulla akaingia kazini. Katika miaka ya 1950 alianza kutoa sehemu za tafsiri yake, juzuu baada ya juzuu, huku akiendelea na kazi yake ya skuli. Aliendelea nayo alipokuwa kadhi. Aliendelea nayo baada ya mapinduzi ya 1964, wakati hali ya visiwa ilipobadilika na wanavyuoni na walimu wengi walipoondoka. Aliendelea nayo alipohama yeye mwenyewe. Mwaka 1969 ndipo Qur'ani Takatifu ilipotoka kamili, ikichapwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Mwenye kazi alikuwa na umri wa miaka 57.

Msomaji akikifungua kitabu hicho ataiona mikono ya mwalimu. Kiarabu kipo, ili msomaji asisahau kwamba asili ni ile. Maana imeandikwa kwa Kiswahili cha Unguja kinachosemwa na watu, na pale ambapo sentensi ingeachwa na utata, ameongeza neno katika mabano kulifungua. Chini yake mna maelezo: aya imeshuka kwa sababu gani, hukumu yake ni ipi, na mahali palipopotoshwa na wengine amepataja na kujibu. Ni kama mwalimu anayejua kwamba katika darasa lake yumo mtoto wa nyuma ambaye hajafahamu, na hataki kuendelea mpaka naye afahamu.

Faida yake ilivuka bahari. Twende bara, mbali na pwani, mpaka mahali kama Sepuka katika mkoa wa Singida. Huko lugha ya nyumbani ni Kinyaturu, na Kiswahili ni lugha ya skuli, ya sokoni na ya hotuba ya Ijumaa. Muislamu wa huko hakuweza kuhudhuria darsa za Unguja wala za Mombasa. Kiarabu kwake kilikuwa lugha ya tatu au ya nne. Mtu kama huyo, akiwa na kitabu hiki mkononi, aliweza kukaa na watoto wake baada ya magharibi na kuwaambia Mola wao anawataka nini. Mwalimu aliyezoea kuwafuata wanafunzi wake Pemba na mashamba aliwafuata na wale ambao hakupata kuwaona.

Aliwahifadhi waliomtangulia

Kuna kazi nyingine ya Sheikh ambayo haitajwi sana majumbani, nayo ina thamani kubwa kwa watu wa visiwani. Aliandika historia za wanavyuoni wetu. Alianza nayo katika miaka ya 1940 pamoja na maisha ya Imam Shafi, na mwaka 1972 akatoa Mombasa kitabu kilichopanuliwa, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Ndani yake utamkuta Sheikh Muhyiddin bin Sheikh al-Qahtani, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, Sayyid Ahmad bin Sumayt, Sheikh Abdallah Bakathir na wengi wengineo. Anataja mtu alizaliwa lini, alisoma kwa nani, alimsomesha nani, alifariki lini.

Maprofesa wa ng'ambo walikitambua kitabu hicho. Mwanahistoria wa Kimarekani, Randall Pouwels, alikitia katika Kiingereza, na tafsiri hiyo ikachapwa mwaka 1989. Mpaka leo anayetaka kuandika juu ya elimu ya Kiislamu katika pwani hii hana budi kupita kwa Sheikh Abdulla. Na sisi tulio wajukuu wa watu hao, wangapi tumekisoma? Lau hakuandika, majina mengi ya babu zetu katika elimu yangebaki kwenye mawe ya makaburi tu, na mawe nayo yanalika.

Kadhi wa nchi mbili

Mwaka 1960 Sheikh Abdulla aliteuliwa kuwa kadhi wa Zanzibar, na alibaki katika kazi hiyo mpaka 1967. Baada ya hapo alihamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo, akishika nafasi ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, mwanafunzi mkubwa wa Sheikh Al-Amin. Aliishika kazi hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kazi ya kadhi inajulikana. Wanakuja mbele yake mke na mume waliokosana, ndugu wanaogombania shamba la marehemu, mama anayedai masurufu ya watoto. Sheikh Abdulla aliandika kitabu juu ya ndoa na talaka na hukumu zake kwa Kiswahili. Kitabu kama hicho kinamwezesha mwanamke kuijua haki yake nyumbani, kabla ya kufika mahakamani. Hapa tena tunaona tabia ile ile: alikuwa kadhi anayetaka watu wajue sharia mapema, ili wapungue watakaohitaji kadhi.

Mombasa hakuacha kusomesha. Alitoa darsa, alizungumza redioni, alijibu masuali ya watu wa sehemu mbalimbali. Miongoni mwa wanafunzi wake mashuhuri ni Sheikh Said Musa wa Tanzania bara, ambaye mwaka 1986 alitoa kitabu kizima juu ya maisha ya mwalimu wake. Sheikh aliyewahifadhi walimu wake kwa kalamu, naye akapata mwanafunzi wa kumhifadhi.

Khitilafu zilizotokea

Haitakuwa uadilifu tukieleza maisha yake kana kwamba watu wote walikubaliana naye. Katika umri wake wa mwisho alikuwa mkali juu ya mambo ambayo aliyaona ni ya kuzushwa katika dini, na katika miaka ya 1970 aliandika kitabu juu ya bid-a. Alizipinga desturi kadhaa zilizozoeleka pwani, ambazo alisema hazina asili katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Wanavyuoni wengine wa pwani hawakuridhika. Walimjibu kwa hoja zao, darsani na kwa maandishi, na wengine wakauliza vipi mtu aliyelelewa na masheikh wa zamani anasema maneno haya.

Mjadala huo haukumalizika kwa kufa kwake. Katika familia zetu mpaka leo wamo wanaomfuata katika masuala hayo na wamo wasiomfuata, na pengine wote wamekaa kwenye mkeka mmoja. Makala hii haikuja kuhukumu baina yao. Tunalolitaka ni kusema kwamba hata wasiokubaliana naye katika kitabu cha bid-a wamenufaika na tafsiri yake. Ukubwa wa mwanachuoni haupimwi kwa mas-ala moja. Na sisi tusio wanavyuoni tuna haja zaidi ya kuzilinda ndimi zetu, kwa sababu kumtukana sheikh aliyetangulia ni jambo jepesi mdomoni na zito katika mizani.

Mwisho wa safari

Baada ya kuacha ukadhi Kenya, Sheikh alikwenda Oman, ambako Waswahili wengi wa Unguja na Pemba walikuwa wamekwisha hamia. Hakukaa huko muda mrefu. Alifariki Muscat mwezi wa Novemba 1982, akiwa na umri wa miaka 70, mbali na mji aliozaliwa na skuli alizoanzia kazi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Baada yake zimetoka tafsiri nyingine za Kiswahili, miongoni mwao ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, naye mtu wa Unguja, iliyochapwa mwaka 1995. Zote ni kheri, na msomaji makini hupenda kuzilinganisha. Lakini mlango huu waliokuja nyuma waliukuta umefunguliwa.

Mafunzo kwa familia zetu

Mtume wetu ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemuombea. Tukiyatazama maisha haya kwa mwanga wa hadithi hiyo, tunapata ya kufanya majumbani mwetu.

La kwanza, tukishushe kitabu kutoka juu ya kabati. Mtoto anapohitimu juzuu, pamoja na kumpikia na kumpongeza, tukae naye tumsomee maana ya sura fupi anazozijua, aya moja kwa siku. Mama anaweza kulifanya hilo, kaka mkubwa anaweza, bibi anaweza kusikiliza na kuuliza. Palipo pazito tusijifanye tumefahamu. Tuwaulize wenye elimu, maana hata maelezo ya Sheikh yalikusudiwa kumwongoza mtu kwenye elimu, hayakukusudiwa kumtosheleza nayo.

La pili, tuwaheshimu walimu wa skuli na wa vyuo. Tumezoea kumpa heshima mwenye cheo na kumsahau maalim anayekaa na watoto wetu asubuhi mpaka adhuhuri kwa ujira mdogo. Pengine anaondoka skuli na jioni anakwenda darsa, na usiku anaandika. Hatujui Allah atampitishia nini mkononi mwake. Waliokuwa wakimpita Maalim Abdulla njiani katika miaka ya 1930 na 1940 walimuona mwalimu wa watoto tu.

La tatu, tuandike. Katika kila mji wa visiwani kuna wazee waliosomesha miaka 40 au 50 na hakuna karatasi inayoeleza walisoma kwa nani na waliwasomesha akina nani. Kijana mwenye simu na saa moja ya nafasi anaweza kwenda kumuuliza mzee huyo leo. Kesho huenda asimkute.

La nne, tumuombee dua. Wengi wetu tumejua maana ya Al-Fatiha, ya Ikhlas na ya Yasin kwa maneno aliyoyachagua yeye, na hatujawahi kumlipa chochote.

Ewe Mola wetu, mghufirie mja wako Abdulla bin Saleh, mrehemu, mpanulie kaburi lake na ulitie nuru. Jaalia kila herufi iliyosomwa katika kitabu chake iwe katika mizani yake. Warehemu masheikh waliomsomesha na wanafunzi waliomfuata, na walimu wetu wote, tunaowajua majina yao na tusiowajua. Tufahamishe Kitabu chako, ukijaalie kiwe hoja kwa ajili yetu, kisiwe hoja dhidi yetu.

Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.